Wakubwa Walificha Hesabu, Wagonjwa wa Saratani Wakalipa Bei

Kijana wa Mbezi Luis, weka chini kikombe cha kahawa kwanza. Wewe mpiga debe, wewe wa bodaboda, wewe unayetembeza maji na korosho kwenye madirisha ya mabasi ya Mwanza na Mbeya, na wewe uliyemaliza chuo ukaishia kijiweni kusoma vichwa vya habari bila kununua gazeti. Leo hatuongei Simba na Yanga. Leo tunaongea habari ya watu wanaopita mbele ya macho yako kila kukicha. Unawajua. Mama amefunga kitambaa kichwani kwa sababu nywele zimekwisha kwa dawa. Mzee amekonda, shati limekuwa kubwa, bahasha ya kaki ya hospitali iko kwapani. Anashuka basi la mkoani, anakuuliza: "Kijana wangu, gari la kwenda Ocean Road napandia wapi?"

Hao ni wagonjwa wa saratani. Kwa makadirio ya shirika la kimataifa la utafiti wa saratani, nchi hii hupata wagonjwa wapya zaidi ya 40,000 kila mwaka. Maelfu kati yao hutoka mikoani kuja kutafuta tiba Dar es Salaam. Hebu fuata safari ya mmoja tu. Anashuka stendi ya Mbezi, anasukumana kwenye daladala mpaka Kimara, anabanwa kwenye basi la mwendokasi mpaka Kivukoni, kisha anajikokota kuelekea Taasisi ya Saratani ya Ocean Road. Kila hatua amebanana na watu. Kila hatua kuna mtu anamkoholea kisogoni.

Sasa swali. Mwaka 2020 na 2021, corona ilipokuwa inatafuna watu, nani alimwambia mama huyu kwamba ndani ya basi lile kuna moto? Hakuna! Wakubwa walikuwa wamezima taa, kisha wakatuambia kumekucha.

Hoja yetu ni moja na hatuizungushi. Serikali haikuleta corona. Iliingia kwetu kama ilivyoingia nchi za wenzetu. Lakini Serikali ya CCM ndiyo iliyoficha hesabu za ugonjwa, na kwa mtu ambaye mwili wake hauna kinga, hesabu zile ndizo zilizokuwa kinga yake ya mwisho. Aliyemnyima habari alimnyima dawa.

MWILI USIO NA ASKARI

Wewe una miaka 23. Mwaka ule ulipata mafua makali, ukanywa tangawizi na malimao, siku ya tano ukarudi kwenye pikipiki yako. Ukatangaza kijiweni: "Corona gani bwana? Homa tu hii." Kwa mwili wako ilikuwa kweli. Vijana wengi wenye afya waliipita hivyo hivyo. Ila mwili wa jirani yako kwenye siti si mwili wako.

Sikiliza vizuri. Ndani ya mifupa kuna uboho. Huko ndiko zinakotengenezwa chembe nyeupe za damu, yaani askari wa mwili. Dawa kali za kansa huua chembe zinazozaliana haraka. Uvimbe wa kansa unazaliana haraka, kwa hiyo unapigwa. Lakini na uboho unazaliana haraka, nao unapigwa. Mashina ya nywele nayo yanapigwa, ndiyo maana nywele zinanyonyoka. Wiki moja au mbili baada ya kutundikiwa dawa, mgonjwa anakuwa na askari wachache kupita kiasi. Geti liko wazi na mlinzi hayupo.

Wapo walio katika hali mbaya zaidi ya hapo. Ni wenye kansa ya damu, kansa ya tezi na kansa ya uboho wenyewe. Kwao kiwanda cha askari ndicho kinachougua. Na usijidanganye kwamba hayo ni magonjwa ya vikongwe. Kansa ya damu na ya tezi hukamata vijana wa umri wako na hata watoto wa shule ya msingi. Leo ni wa jirani, kesho ni wa kwenu.

Dunia ilijua mapema. Februari 2020, kabla corona haijatangazwa hapa kwetu, madaktari wa China walitoa hesabu za wagonjwa wao 1,590 wa corona. Kati yao 18 walikuwa na kansa au walishawahi kuugua kansa. Katika kundi hilo dogo, asilimia 39 walizidiwa, wakafa au wakawekwa kwenye mashine ya kupumulia. Kwa wasio na kansa ilikuwa asilimia 8. Wachache hao 18 hawatoshi kumaliza ubishi, lakini kengele ilikuwa imelia.

Halafu zikaja hesabu kubwa. Uingereza walifuatilia wagonjwa 800 wa kansa waliopata corona katika miezi ya mwanzo ya mwaka 2020. Walikufa 226. Zaidi ya robo! Watafiti wa Marekani, Canada na Hispania wakahesabu wagonjwa 928, wakakuta asilimia 13 wamekufa ndani ya mwezi mmoja. Wengi waliokufa walikuwa na umri mkubwa, au na magonjwa mengine juu ya kansa, au kansa yao ilikuwa inaendelea kuwala. Na baadaye ikaonekana wazi kwamba wenye kansa za damu ndio waliokuwa pabaya kuliko wengine.

Kuna jambo jingine linalopaswa kukutisha hata wewe mwenye kifua cha chuma. Marekani mwaka 2020 alipatikana mama mmoja mwenye kansa ya damu. Hakuwa akikohoa wala kuumwa homa. Lakini virusi vilivyo hai, vinavyoweza kuambukiza, vilikutwa kwake mpaka siku ya 70. Siku sabini! Mwili usio na askari unashindwa kumfukuza mgeni, na mgeni akikaa sana anapata nafasi ya kujibadilisha. Kwa hiyo kumlinda mgonjwa wa kansa ni kujilinda wewe mwenyewe na mtaa wako.

MTEGO WA PANDE MBILI

Utauliza: kama hali ilikuwa hivyo, si wangekaa nyumbani mpaka ugonjwa upite? Hapo ndipo penye uchungu wenyewe.

Kansa haingojei mtu. Novemba 2020 watafiti waliokusanya hesabu za nchi mbalimbali walionyesha kwamba kila wiki nne za kuchelewa upasuaji, mionzi au dawa huongeza hatari ya kufa kwa kati ya asilimia 6 na 13, kutegemea kansa yenyewe na tiba yake. Wiki nne tu. Na ule uchunguzi wa Uingereza wa wagonjwa 800 ulionyesha jambo jingine la maana: waliokuwa wametundikiwa dawa ndani ya mwezi mmoja kabla ya kuambukizwa hawakuonekana kufa zaidi ya wenzao wa umri na hali ileile waliokuwa hawajatundikiwa. Maana yake, kukimbia tiba kwa hofu ya corona ilikuwa kumkimbia chui ukaingia mdomoni mwa simba.

Basi mgonjwa wetu afanye nini? Akibaki Sumbawanga, kansa inamla. Akipanda basi kuja Mbezi, anaweza kupokewa na corona. Njia ya kupenya katikati ilikuwepo, na nchi nyingine waliifuata: kujua. Kujua kama ugonjwa umepanda wiki hii au umeshuka. Kujua uko mji gani. Kujua kama msindikizaji wake anao kabla hajalala naye chumba kimoja cha kupanga. Daktari naye akijua wimbi limepanda, anaweza kumpangia mgonjwa vidonge vya nyumbani badala ya kumwita kila wiki, au kumsogeza mbele yule anayeweza kungoja na kumwita haraka yule asiyeweza.

Vyote hivyo vinahitaji kitu kimoja cha bei rahisi kuliko dawa yoyote ile. Vinahitaji hesabu za kweli.

HESABU ZILIKWENDA WAPI?

Twende kwa tarehe, maana wakubwa wanapenda sana tusahau.

Tarehe 16 Machi 2020 Wizara ya Afya ilitangaza mgonjwa wa kwanza. Kwa wiki chache tulihesabiwa kama wenzetu. Makonda wakaamriwa kupakia abiria wa kukaa tu, ndoo za maji zikawekwa milangoni mwa maduka, barakoa zikashonwa mpaka Manzese. Hata walalahoi tulielewa na tulitii.

Tarehe 3 Mei 2020 Rais John Magufuli akasimama Chato na kusema sampuli za papai na mbuzi zimepelekwa maabara ya taifa zikakutwa na corona. Mkuu wa maabara akasimamishwa kazi. Siku chache baadaye hesabu zikakoma. Wagonjwa 509, vifo 21, na mlango ukafungwa. Juni tukaambiwa corona imekwisha kwa maombi.

Hatudharau maombi. Mgonjwa wa kansa anaomba kuliko wewe na mimi. Lakini tujiulize kwa akili timamu. Kama mashine ya maabara ilikuwa mbovu, dawa yake si kuitengeneza? Mizani ikidanganya, muuza nyama anatafuta mizani nyingine. Hapimi nyama kwa macho kwa mwaka mzima kisha akawaambia wateja hakuna mtu anayepunjwa.

Na ili asitokee mtu wa kuuliza, midomo ikafungwa. Juni 2020 gazeti la Tanzania Daima likafutiwa leseni. Likarudishiwa Februari 2022, maji yakiwa yameshamwagika. Julai 2020 Kwanza TV ya mtandaoni ikafungiwa miezi kumi na moja kwa kurusha tahadhari ya kiafya iliyotolewa na ubalozi wa Marekani. Mwezi huohuo Kanuni za Maudhui ya Mtandaoni zikaanza kutumika, zikikataza kutoa habari za mlipuko wa ugonjwa bila kibali cha wenye mamlaka. Yaani ukiona nyumba ya jirani inaungua, kwanza nenda ofisini kaombe ruhusa ya kupiga kelele!

WAKAFA KWA JINA JINGINE

Mwezi wa kwanza na wa pili wa mwaka 2021 unaukumbuka. Misiba ilifuatana mitaani kama mabehewa ya treni. Lakini hakuna aliyekuwa anakufa kwa corona. Watu walikufa kwa "changamoto ya upumuaji". Maneno gani hayo? Mtu ananyang'anywa pumzi yake, halafu hata jina la mnyang'anyi halitajwi.

Vyama vya upinzani vilisema. Mei 2020 wabunge wa Chadema waliamua kujitenga baada ya wabunge watatu kufariki dunia ndani ya siku chache, Spika akawatisha na kuwaita watoro. Mwishoni mwa Januari 2021 Maalim Seif Sharif Hamad, Makamu wa Kwanza wa Rais wa Zanzibar, alikubali chama chake cha ACT-Wazalendo kitangaze wazi kwamba yeye na mkewe wana corona. Huo ndio uungwana. Mzee mgonjwa, kitandani, alikuwa na ujasiri ambao Serikali nzima yenye mawaziri na wasemaji iliukosa. Akafariki tarehe 17 Februari 2021. Siku hiyohiyo akafariki Katibu Mkuu Kiongozi, Balozi John Kijazi. Tarehe 23 Februari Waziri wa Fedha wa wakati ule, Dk. Philip Mpango, aliwekwa mbele ya kamera nje ya hospitali Dodoma, akikohoa na kuhema, ili kututhibitishia kwamba mambo ni shwari. Mapema Machi Baraza la Maaskofu Katoliki likasema hadharani kwamba katika miezi miwili mapadri zaidi ya 25 na masista wapatao 60 wamefariki kwa matatizo ya kupumua.

Sasa piga hesabu mwenyewe. Makamu wa Rais wa Zanzibar alikuwa na daktari wake. Katibu Mkuu Kiongozi hakupanga foleni ya oksijeni. Kama ugonjwa uliingia mpaka kwenye vyumba hivyo vyenye viyoyozi, uliingiaje kwenye chumba cha kupanga cha Kimara ambamo mgonjwa wa kansa ya kizazi amelala na dada yake na watoto watatu, akingoja mionzi yake ya kesho? Nchi ambayo haikuhesabu mgonjwa yeyote wa corona, wagonjwa wa kansa ingewahesabu wapi? Vyeti vyao vilisomeka "saratani", udongo ukafukiwa, na kitabu kikafungwa. Funika kombe mwanaharamu apite.

Hapo ndipo kimya kilipowauma wao kuliko mtu mwingine. Kijana akifa ghafla, mtaa mzima huuliza kulikoni. Mgonjwa wa kansa akifa, watu husema: "Tulijua tu." Kifo chake hakimshangazi mtu, basi ndicho kifo rahisi zaidi kukificha.

STENDI YAKO, SIKU ILE

Tarehe 24 Februari 2021. Hapa kwetu Mbezi Luis. Rais alikuja kuzindua kituo kikuu cha mabasi kilichojengwa kwa zaidi ya shilingi bilioni 50 na kupewa jina lake. Siku hiyohiyo alizindua barabara za juu pale Ubungo, zikapewa jina la Kijazi aliyefariki wiki moja kabla.

Kituo ni kizuri. Hatuna kijicho nacho, na vijana wengi wanakula pale. Lakini zitazame zile tarehe. Tarehe 17 msiba wa wakubwa wawili. Tarehe 21, kanisani Oysterbay, Rais mwenyewe akawaambia watu kwamba hajakataza barakoa, wavae zilizotengenezwa nchini. Tarehe 23 waziri anahema mbele ya kamera. Tarehe 24 umati unakusanywa kwenye stendi ambayo wagonjwa kutoka karibu kila kona ya nchi wanaishukia. Siku tatu tu baadaye, tarehe 27, Rais akaonekana hadharani kwa mara ya mwisho. Tarehe 17 Machi tukatangaziwa amefariki, na Serikali ikasema ni maradhi ya moyo.

Hatuchezei msiba wa mtu. Tunasema hivi: katika siku zile kumi, wakubwa walikuwa wanajua kinachowapata wenzao. Wewe mpiga debe uliyekuwa unabeba mizigo ya mgonjwa na kumshika mkono kuvuka barabara hukujua. Na yeye hakujua kuhusu wewe. Mmenyimwa wote wawili. Wewe ukapona. Yeye?

HOJA YA TUMBO

Wapambe watakuja juu: "Mlitaka nchi ifungwe? Mngekula nini?"

Hoja hii ni nzito, tusiipuuze. Mtu anayekula anachokipata leo huwezi kumfungia ndani siku arobaini. Kenya walitangaza kafyu, na polisi wao wakapiga watu marungu na hata kuua raia kwa jina la kulinda afya. Magufuli alipokataa kuwafungia walalahoi majumbani alikuwa na hoja, na wengi kwenye kijiwe chako walimpenda kwa hilo. Wana haki yao.

Lakini kufunga nchi ni jambo moja na kuficha hesabu ni jambo jingine kabisa. Usikubali kuuziwa yote mawili kwenye kifurushi kimoja. Serikali ingeweza kuacha masoko wazi, kuacha daladala zitembee, kuacha bodaboda ipige kazi, na papo hapo ikatangaza kila jioni: leo wamepatikana wangapi, wako mikoa gani, hospitali gani ina oksijeni. Kutangaza namba hakumfungii mtu duka. Ilichohitaji Serikali ni kuwaamini wananchi wake, na hicho ndicho kilichokosekana.

Nao wale walioimba wimbo wa mabeberu watujibu. Mgonjwa wa kansa alivaa barakoa kwa sababu daktari wake, Mtanzania mwenzetu, alimwambia avae. Aliichanganya lini na ubeberu? Wapo vijana waliowacheka watu wa namna hiyo kwenye daladala, wakawaita waoga, kwa sababu redio ya Taifa na majukwaa yalishawafundisha kwamba tahadhari ni usaliti.

CHANJO IKAJA KWA KUCHECHEMEA

Januari 27, 2021, pale Chato, tuliambiwa chanjo hazifai. Tarehe 1 Februari Wizara ya Afya ikatuonyesha mbele ya kamera namna ya kusaga tangawizi, vitunguu na malimao. Mwezi mmoja baadaye, tarehe 5 Machi, Kenya wakaanza kuchanja. Sisi tukangoja.

Rais Samia Suluhu Hassan alipoingia madarakani tarehe 19 Machi 2021 alibadili upepo, na mwenye haki apewe haki yake. Aliunda kamati ya wataalamu, Juni akataja hadharani kwamba kuna wagonjwa zaidi ya mia, na takriban sabini kati yao wako kwenye oksijeni, na tarehe 28 Julai akachanjwa mbele ya kamera Ikulu Dar es Salaam. Dozi zilizokuwa zimefika zilikuwa 1,058,400, kwa nchi ambayo sensa ya 2022 ilitukuta tuko milioni 61.7. Wahudumu wa afya, wazee na wenye maradhi sugu wakawekwa mbele kwenye foleni. Huo ulikuwa utaratibu sahihi.

Lakini mbegu ya uongo ilishaota. Mbunge wa Kawe, jirani zetu hapa, tena wa chama hichohicho tawala, alisimama madhabahuni kupinga chanjo mpaka Bunge likamfungia mikutano miwili. CCM ilikuwa inavuna ilichopanda. Utawalazaje watu kwa wimbo kwamba chanjo hazifai, kisha uwaamshe asubuhi moja uwaambie wapange mstari?

Tena mgonjwa wa kansa ana jambo lake la ziada. Chanjo haipigani yenyewe. Inawafundisha askari wa mwili. Kama askari ni wachache, somo linaingia nusu. Ndiyo maana Agosti 2021 Marekani waliruhusu dozi ya ziada kwa wenye kinga dhaifu, na ndiyo maana madaktari husisitiza wachanjwe pia wanaoishi na mgonjwa: mume, dada, mtoto anayempikia uji. Ukichanja wanaomzunguka, unamjengea ukuta. Kijana aliyeikataa chanjo kwa kusema "mimi nina nguvu" alikuwa anatoa tofali kwenye ukuta wa mwenzake.

TABIA BADO HAIJAFA

Utasema, haya ya nini leo? Mei 5, 2023 Shirika la Afya Duniani lilitangaza kwamba dharura imekwisha. Ni kweli dharura imekwisha. Kirusi hakijaondoka. Kipo, kinazunguka, na mwenye kansa ya damu bado anakiogopa kwa sababu zilezile za mwaka 2020. Na hesabu rasmi ya vifo vya corona Tanzania mpaka leo imebaki 846. Wewe uliyezika mwaka 2021, je, hesabu hiyo inaingia akilini?

Tena tabia yenyewe haijafa. Tarehe 14 Januari 2025 Shirika la Afya Duniani lilitoa taarifa ya watu wanaoshukiwa kuugua Marburg mkoani Kagera. Wizara ya Afya ikakanusha: hakuna. Tarehe 20, Rais akiwa amesimama na mkuu wa shirika hilohilo, akatangaza kwamba mgonjwa amethibitika. Kagera! Mkoa ambao ugonjwa huohuo ulitangazwa wazi Machi 2023 na dunia ikasaidia ukazimwa. Walijua kutangaza kunasaidia, na bado ulimi wa kwanza kutoka ulikuwa ule wa zamani wa kukanusha. Siku sita kwa Marburg ni nyingi. Basi la Bukoba kuja Mbezi halichukui siku sita.

SASA NINI?

Kulalamika bila kudai ni kelele. Tunadai mambo manne.

Kwanza, hesabu za magonjwa ya mlipuko zitolewe kila wiki kwa mkoa, ziko nyingi au chache, na kusiwe na kibali cha mkubwa yeyote. Pili, kanuni yoyote inayomfanya mwandishi au muuguzi kuwa mhalifu kwa kusema kweli kuhusu ugonjwa ifutwe. Tatu, chanjo na vipimo vya corona viwekwe palepale mgonjwa anapopewa tiba ya kansa, yeye pamoja na msindikizaji wake, bila kuzungushwa. Nne, tiba ya kansa isogezwe kwa watu. Bugando ya Mwanza imeonyesha kwamba mionzi inaweza kutolewa nje ya Dar es Salaam. Mgonjwa asiyelazimika kusafiri usiku kucha ndani ya basi lililojaa ameshakingwa nusu.

Na wewe kijana, usingoje Serikali. Ukiwa na mafua, vaa barakoa unapofanya kazi yako stendi, au pumzika siku mbili kama mfuko unaruhusu. Ndani ya daladala fungua dirisha, hata konda akinuna. Mwenye barakoa usimcheke, hujui amebeba nini mwilini. Ukimpakia mgonjwa kwenye bodaboda, usimkoholee. Kama nyumbani kwenu kuna mtu anayetibiwa kansa, muulizeni daktari wake kuhusu chanjo, na akipata homa asingoje asubuhi. Kwa mwenye askari wachache, homa ni dharura ya usiku huohuo.

Mwisho, jambo la kijiografia ambalo wengi hawalijui. Ocean Road na Ikulu ya Dar es Salaam ni majirani, ufukwe mmoja, barabara moja, upepo mmoja wa bahari. Miaka ile yote wakubwa hawakuhitaji jasusi kuwapa habari za wagonjwa wale. Walihitaji kufungua dirisha tu.

Siku nyingine wakikwambia hakuna ugonjwa, usibishe kwa matusi. Waambie walete hesabu. Wakikosa hesabu, wewe umeshapata jibu.